Diski ya bei rahisi kwenye mteremko wa Kasenyi

"Mukubwa, unataka origino ao ya kawaida?" Muuza spea wa Bunia huuliza hivyo kabla hajateremsha boksi kutoka rafuni, na anajua kwamba jibu litatoka mfukoni mwako. Kwa diski ya breki ya mbele ya Toyota Noah anaweza kukuwekea vitu vitatu juu ya kaunta: boksi lenye nembo ya Toyota, boksi lenye jina usilowahi kulisikia, na diski isiyo na boksi, yenye kutu kidogo, iliyofunguliwa kwenye gari lililomaliza maisha yake Japani. Bei ya ya kwanza huwa mara kadhaa ya bei ya ya pili. Je, hiyo ya pili inafaa kununuliwa? Mafundi wengi wa hapa mjini husema chuma ni chuma. Wenye uwezo husema rahisi ni ghali. Majibu yote mawili hayamsaidii mtu mwenye gari, kwa sababu hakuna hata moja linaloitazama diski yenyewe. Diski ni kati ya spea chache ambazo mnunuzi wa kawaida anaweza kuzikagua mwenyewe, kwa mizani na kipimo cha venia, na mimi nasimama hapa: kwa magari mengi yanayozunguka Bunia, diski rahisi iliyokaguliwa hivyo inafaa kabisa. Kwa gari linaloshuka Kasenyi na mzigo, hesabu inabadilika, tena sana.

Kwanza tujue ni nani anahusika. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa, za Boxer, TVS na Senke, zinatumia breki za ngoma, na malori mengi ya mzigo vilevile. Breki ya ngoma ina mambo yake na siigusi. Wanaoumizwa kichwa na diski ni wenye magari madogo na jipu: Noah, Ipsum, Probox, RAV4, Corolla, Hiace za abiria, na Land Cruiser zile ndefu zinazokwenda Mongbwalu, Mahagi na Komanda. Mengi ya magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, ndiyo maana usukani uko kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Yalifika yakiwa yameshakula miaka. Kwa kulinganisha, Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu mwaka 2018 inakataa lililozidi miaka 15, na gari likifika umri huo diski zake za kiwandani zimekwisha au zinaelekea kwisha. Kwa hiyo kila gari linaloingia Bunia lina siku yake ya kununuliwa diski, na kwa kawaida ni za mbele, kwa sababu ukikanyaga breki uzito wa gari huinamia mbele na magurudumu ya mbele hubeba theluthi mbili ya kazi au zaidi.

Kazi yenyewe ni kugeuza mwendo kuwa joto. Hapo ndipo mahali tulipo panapoingia kwenye hesabu. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Ukitoka mjini kufuata samaki wa Kasenyi au Tchomia, ukishapita Bogoro barabara inaporomoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na tofauti ile yote ya zaidi ya mita 600 inabidi ishushwe na breki pamoja na injini. Chukua jipu lenye kilo 2,500 pamoja na watu na mizigo. Kulishusha mita 600 kunaachia nishati ya karibu megajuli 15, inayotosha kuchemsha bido mbili za maji za lita 20. Nishati hiyo haipotei. Sehemu huchukuliwa na injini kama dereva ameshuka na gia ndogo, sehemu huchukuliwa na upepo, na inayobaki huingia kwenye chuma.

Tuseme injini imebeba nusu. Tuseme pia theluthi mbili ya kilichobaki imekwenda kwenye breki za mbele, na upepo umeondoa nusu ya hiyo. Diski mbili zenye kilo 9 kila moja zitapanda joto kwa nyuzi 280 hivi. Sasa weka diski za kilo 7 na nusu, umbo lile lile, gari lile lile, dereva yule yule: zitapanda nyuzi 340. Kilo moja na nusu ya chuma, ambayo mkono peke yake unaweza kukosea kuihisi dukani, ndiyo tofauti ya nyuzi 60 mahali ambapo plaketi za kawaida, zile pedi zinazoibana diski, zinaanza kupoteza nguvu. Na dereva akitia nyutro ili abane mafuta, injini haibebi chochote na joto lote hilo linazidi maradufu. Madereva wa Kitonga huko Iringa, wa Salgaa nchini Kenya na wa Iwambi kule Mbeya wanaijua habari hii kwa majina ya waliokufa. Mteremko wa Kasenyi ni mfupi kuliko baadhi ya hiyo, lakini fizikia yake ni ile ile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza unachonunua katika diski ni uzito wa chuma. Cha pili ni aina ya chuma. Diski karibu zote za magari ya kawaida, za bei juu na za bei chini, hutengenezwa kwa chuma cha kijivu cha kusubu, chenye kaboni ya zaidi kidogo ya asilimia 3. Kaboni hiyo imekaa ndani ya chuma kama vipande vidogo bapa vya grafiti, na vipande hivyo ndivyo vinavyosafirisha joto na kunyamazisha mlio. Chuma hiki hakina siri. Kimekuwa kikisubiwa kwa karne nyingi, na mtu mwenye tanuri nzuri na anayepima kaboni yake vizuri anaweza kutoa diski safi kwa gharama ndogo. Ndiyo maana diski rahisi inawezekana kuwa nzuri, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu plaketi rahisi au mpira rahisi wa breki. Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama zaidi ya hapo kina njia chache tu. Kinaweza kupunguza chuma. Kinaweza kuharakisha usubuaji, ule ukungu wa mchanga unaotengeneza mapezi ya hewa katikati ya diski ukahama kidogo, ukuta mmoja ukawa mnene na wa pili mwembamba. Kinaweza kupunguza idadi ya mapezi hayo. Kinaweza kukereza uso haraka haraka, ukabaki na mawimbi. Au kinaweza kutumia chakavu chochote kilichopatikana siku hiyo. Manne ya kwanza yanaonekana au yanapimika hapo hapo dukani. La mwisho tu ndilo linalojificha.

Watu wengi hapa mjini huishia kwenye bendera: ya Uchina mbaya, ya Japani nzuri. Diski nyingi sana za kubadilishia duniani hutoka Shandong, katika miji kama Laizhou na Longkou ambayo imejaa viwanda vya kazi hiyo. Brembo wa Italia, ambaye jina lake linaheshimiwa kwenye mbio za magari, naye ana kiwanda Nanjing. Mwaka 1997 Marekani iliziwekea diski za Uchina ushuru maalumu, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama ushahidi wa ubovu. Ushuru ule ulihusu bei, kwamba ziliuzwa chini ya thamani yake na kuumiza viwanda vya huko. Haukuwa uamuzi juu ya usalama. Tena Marekani haina hata sasa kanuni ya serikali kuu inayopima diski za kubadilishia kabla hazijauzwa. Ulaya ndiyo iliyochukua njia nyingine. Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa inadai kwamba diski za kubadilishia za aina za magari zilizoidhinishwa kuanzia Novemba 2016 zijaribiwe kwa kupashwa joto na kupozwa tena na tena, na kwa kubebeshwa mzigo mkubwa, mpaka ijulikane kama zitapasuka. Iliyofaulu hupigwa alama ya herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia. Ukiikuta alama hiyo imepigwa kwenye chuma chenyewe cha diski iliyotoka Shandong, hiyo ni habari njema kuliko jina lolote lililochapishwa kwenye boksi.

Kwetu Office Congolais de Contrôle, OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ndiyo yenye jukumu la kukagua bidhaa zinazoingia. Lakini ubora wa chuma hausomeki kwenye karatasi za mzigo. Unahitaji maabara ya kuikata diski, kuitazama kwa hadubini na kuipasha joto mpaka ikiri. Diski za Bunia hushushwa Mombasa, hupandishwa hadi Kampala, hupita mikononi mwa wauzaji wa soko la Kisekka na kwingineko, kisha huingia kwa Aru, kwa Mahagi, kwa Kasindi au kwa mitumbwi ya ziwani. Kila mkono unaongeza bei yake na hakuna hata mmoja unaoongeza kipimo. Mnunuzi wa hapa ndiye mkaguzi wa mwisho, na mara nyingi ndiye wa kwanza.

Kabla sijasema jinsi ya kukagua, kuna hoja moja kubwa inayoitetea diski rahisi, nayo ni ya barabara zetu zenyewe. Ukitoa Boulevard de la Libération na vipande vichache, Bunia ni mji wa udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ni vumbi, wakati wa mvua ni tope, na ndani ya vumbi na tope hilo mna punje za kwatzi, jiwe lile lile jeupe ambalo wachimbaji wa Mongbwalu hulisaga kutafuta dhahabu. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kijivu, na haichagui boksi. Ikiingia kati ya plaketi na diski, inaikwangua ya Toyota na ile isiyo na jina kwa mwendo unaokaribiana. Ubora wa diski ghali unaonekana kwenye joto kali na kwenye unyoofu. Kwenye mchanga faida yake ni ndogo. Dereva anayefanya safari za Mudzipela, Lumumba, Nyakasanza na soko kuu, ambaye siku nzima hafiki kasi ya kilomita 50 kwa saa, hatazipasha diski zake joto la kutisha hata mara moja. Za kwake zitakufa kwa kukwanguliwa. Kumwambia alipe mara tatu ili aje kukwanguliwa kitu kizuri zaidi ni kumpotezea pesa ambazo angenunulia vitu vingine vya breki.

Kwa hoja hiyo hiyo, kuna mapambo ambayo hatuna haja nayo. Diski zilizopakwa madini ya kuzuia kutu zina maana Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana, au Ulaya ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Sisi tuko mbali na bahari; kutu ya diski zetu ni ile nyembamba ya asubuhi inayofutika kwa kukanyaga breki mara mbili. Na zile diski zilizotobolewa matundu kama za magari ya mbio, ambazo vijana wanazipenda kwa sura, nawasihi waziache, hasa zikiwa za bei chini. Kila tundu ni chuma kilichoondolewa, ni mlango wa ufa, na kwenye njia ya Komanda wakati wa mvua ni shimo la kujaza tope.

Hesabu ya kazi ya fundi nayo kwetu si kama ya Ulaya. Huko saa moja ya fundi inaweza kuzidi bei ya diski, kwa hiyo diski inayoanza kutetemeka baada ya miezi michache ni hasara hata kama ilitolewa bure. Bunia spea ndiyo ghali na mikono ndiyo nafuu. Kwenye Noah au RAV4, ukishaondoa gurudumu na kalipa, diski inachomoka yenyewe, na fundi anamaliza pande zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Kuzibadilisha mara mbili kwa muda ambao diski ghali ingedumu mara moja bado kunaweza kuwa nafuu. Land Cruiser ya ekseli nzima haiko hivyo. Diski yake ya mbele imefungwa kwa bolti nyuma ya kitovu cha gurudumu, na kuifikia inabidi kufungua habu yote, kutoa beringi, kuzisafisha, kuzitia grisi mpya na kuzikaza kwa kipimo. Kila ufunguzi wa namna hiyo porini, chini ya mwembe, ni nafasi ya mchanga kuingia kwenye beringi. Kwa Land Cruiser diski ya kubadilishwa mara kwa mara ni ubahili usiolipa, hata kwa mishahara yetu.

Kuna pia njia ambayo Ulaya imeiacha kwa sababu ya gharama, lakini hapa bado iko hai: kuikereza diski ya zamani. Mkereza vyuma mzuri anaweza kuondoa mifereji na mawimbi akakurudishia uso ulionyooka, na chuma cha kiwandani kilichobaki ni bora kuliko kipya usichokijua. Sharti ni unene. Diski nyingi zimechapwa kikomo chake, maandishi MIN TH na namba, kwenye ukingo au kwenye kofia yake ya katikati, na kutoka upya hadi kikomo hicho mara nyingi ni milimita 2 tu. Chini ya hapo diski inakosa chuma cha kubeba joto, na kama plaketi nazo zimekwisha, pistoni ya kalipa inasogea nje kuliko ilivyopangiwa, mpira wake unaachia, mafuta ya breki yanamwagika na pedeli inakwenda sakafuni. Nimeona diski zikiletwa kwa mkereza zikiwa zimeshapita kikomo, na mwenye gari akisisitiza zichongwe tu. Mkereza anayekataa kazi hiyo anastahili kulipwa kwa kukataa kwake.

Hiyo diski ya tatu ya kwenye kaunta, iliyofunguliwa kwenye gari la Japani, inadharauliwa bila sababu. Ni chuma cha kiwanda kile kile kilicholitengeneza gari, na magari mengi ya Japani yaliishi kwenye lami safi. Ikiwa venia inaonyesha angalau milimita moja na nusu juu ya kikomo, na haina nyufa kuzunguka matundu ya nati, mimi ningeichukua kabla ya zote mbili mpya kwa gari la mjini. Tatizo ni kwamba huipati siku unayoihitaji, na mara nyingi unapata moja bila mwenzake. Diski hubadilishwa jozi.

Sasa ukaguzi. Fungua diski yako ya zamani kwanza, isafishe tope, uipeleke dukani pamoja nawe. Mji huu umejaa mizani: za samaki, za maharagwe, za wanunuzi wa dhahabu zinazopima hadi sehemu ndogo za gramu, na bado kitu kinachobeba maisha ya watu kumi kwenye mteremko kinauzwa bila kupimwa. Weka diski ya zamani kwenye mizani ya jirani wa muuza spea, kisha weka ile mpya. Diski ya gari la wastani iliyochakaa milimita 2 imepoteza karibu nusu kilo ya chuma. Kwa hiyo mpya inapaswa kuizidi ya zamani kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ikiwa sawa na iliyochakaa, kuna chuma kilichobanwa kiwandani. Ikiwa nyepesi kuliko iliyochakaa, irudishe rafuni na usisikilize maelezo. Kipimo hiki hakihitaji kitabu wala intaneti, na sijakutana na boksi linaloweza kukidanganya.

Kisha igeuze utazame ubavu wake, ndani ya mapezi. Hesabu mapezi ulinganishe na ya zamani. Pima unene wa ukuta wa upande mmoja na wa pili, sehemu tatu au nne kuzunguka. Ikiwa ukuta mmoja ni mnene waziwazi kuliko wa pili, ukungu ulihama, na diski hiyo itajipinda ikipata joto kwa sababu pande zake hazitapanuka sawa. Pima unene wa jumla sehemu nane kuzunguka uso. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita tayari inatosha kuutetemesha mguu kwenye pedeli, ingawa venia ya kawaida haisomi ndogo hivyo. Inayosomeka kwa venia ni mbaya mno. Pitisha kidole juu ya uso: alama za kukerezwa ziwe laini na za duara, zisikwame kwenye ukucha. Tafuta MIN TH. Kiwanda kisichojisumbua kuchapa kikomo cha diski yake kimekuambia jambo. Ingiza diski kwenye kitovu cha gari ikiwezekana: tundu la katikati likae bila kucheza.

Nembo kwenye boksi iache iwe ya mwisho. Namba za Toyota za diski za mbele huanza na 43512, na mtengenezaji wa boksi bandia analijua hilo kama wewe. Boksi bandia lenye diski nzito na nyoofu ndani ni wizi wa pesa. Ukipima chuma umejilinda dhidi ya hatari, na kilichobaki ni kubishana bei.

Diski nyingi rahisi zinalaumiwa kwa makosa ya ufungaji. Gari linarudi garaji baada ya mwezi, usukani unatetemeka kila breki ikikanyagwa, na hukumu inatolewa: diski za Uchina zimepinda. Mara nyingi hazijapinda. Fundi aliweka diski mpya juu ya kitovu chenye kutu na mabaki ya tope. Punje moja chini ya kofia inaifanya diski iyumbe kidogo sana kila mzunguko, na kuyumba kwa sehemu tano tu za mia za milimita kunatosha, kwa maana plaketi inagusa sehemu moja ya diski hata pasipo breki kukanyagwa. Inaikwangua sehemu hiyo au inaibandikia utando wake, na baada ya kilomita elfu chache diski imekuwa na unene usio sawa. Toyota halisi ingefanya vivyo hivyo. Ongezea nati za gurudumu zinazokazwa kwa bomba refu, moja moja kwa kuzunguka badala ya kwa kupishana, na umemaliza kuiharibu. Brashi ya waya, dakika kumi kwa kila kitovu, kukaza kwa kupishana: kazi hii haina gharama yoyote, na ndiyo inayoamua kama diski rahisi itakuwa nzuri au mbaya. Baadaye diski na plaketi zizoeshwe, kwa kupunguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, alfajiri kabla pikipiki hazijajaa njiani.

Kama pesa hazitoshi kwa kila kitu, na kwa wengi wetu hazitoshi, zigawanywe hivi. Mafuta ya breki kwanza, kwa sababu ndiyo nafuu kuliko yote na ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Joto la diski hupita kwenye plaketi, likaingia kwenye pistoni, likafika kwenye mafuta, na mafuta yaliyochemka ni mvuke. Mvuke unabinyika, na pedeli inashuka bila breki kushika. Chupa isiyogusika tangu gari lilipotoka Japani ni hatari kubwa kuliko diski yoyote iliyoko dukani. Plaketi ziwe za pili, na hapo nisingebana: chuma kinaweza kupimwa kwenye kaunta, mchanganyiko wa plaketi hauwezi, na gundi inayoushika kwenye bamba lake inaonekana ubovu wake siku inapoachia. Diski ziwe za tatu.

Hilo ni la mjini, na hata la Mongbwalu na Iga Barrière ambako adui ni tope. Kwa Kasenyi na Tchomia msimamo wangu ni mwingine, na nausema bila kulegeza. Gari linaloshuka kule na abiria likiwa limejaa linahitaji diski ya uzito kamili wa kiwandani, isiyokerezwa karibu na kikomo, ya chuma chenye alama ya kupimwa au ya mtengenezaji halisi, pamoja na plaketi nzuri na DOT 4 mpya, na dereva anayeingiza gia ya pili juu ya mteremko kabla hajahitaji breki. Barabara za kawaida zina nafuu moja: dereva akinusa breki zinaungua anaegesha, anasubiri nusu saa. Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi (état de siège) Mei 2021, na yapo maeneo ambayo dereva mwenye akili hasimami kupoza breki hata kwa dakika tano. Chuma kilichoko kwenye magurudumu ndicho akiba pekee aliyo nayo ya kubeba joto hadi chini. Kukinunua pungufu ni kumwachia dereva jambo ambalo hana namna ya kulirekebisha njiani.

Na wanaonunua diski hizo mara nyingi hawashuki nazo. Magari mengi ya abiria yana mwenyewe anayekaa mjini na kupokea hesabu ya jioni, na dereva anayekabidhiwa ufunguo asubuhi. Mwenyewe anaona bei ya diski. Dereva na abiria wake wanaona mteremko. Nikiangalia mpangilio huo, nadhani kosa kubwa la biashara hii ya diski rahisi liko hapo kuliko kwenye viwanda vya Shandong. Dereva wa njia ya ziwa ana haki ya kuwapo diski inapopimwa, kuiona namba ya mizani na kulinganisha na ya zamani, kama vile anavyopima oili kabla ya kuondoka. Vyama vya madereva tayari vinakubaliana nauli na zamu za kupakia. Vinaweza pia kuandika kwenye ubao wa kituo uzito wa diski mpya ya Noah, ya Hiace na ya Land Cruiser, kwa kilo, ili dereva anayeambiwa ashuke na pungufu ya hapo awe na namba ya kuonyesha anapokataa.